Shajara ya mradi: saa za mwisho za aksoni iliyokatwa

Mradi huu unatafuta jibu la swali moja: aksoni ikishakatwa, ni hadi saa ya ngapi bado inaweza kuokolewa? Aksoni ni ule mkia mrefu wa seli ya neva unaopeleka taarifa. Kwa binadamu, unaotoka uti wa mgongo hadi mguuni unaweza kukaribia mita moja. Katika ganzi inayoletwa na baadhi ya dawa za saratani, katika glaukoma (ugonjwa unaoharibu neva ya jicho) na katika magonjwa kadhaa yanayodhoofisha misuli, mkia huu huharibika mapema, mara nyingi kabla kiwiliwili cha seli hakijafa. Anayetaka kuzuia ulemavu lazima ajue ana muda gani.

Tunaandika hatua inapokamilika. Mambo ya kawaida tunayapitia haraka, makosa tunayaeleza kwa urefu, maana ndiyo yaliyotula muda. Gharama tunahesabu kwa siku, sahani na mimba za panya. Kila jaribio linaloharibika ni uhai uliotumika bila kutupa jibu, kwa hiyo tunaomba atakayenakili kazi hii asirudie makosa yetu.

6 Januari: kuchagua kielelezo

Mwaka 1850 Augustus Waller alikata neva za ulimi wa chura na kuona upande uliotenganishwa na kiwiliwili ukimeguka vipandevipande. Kwa zaidi ya miaka mia moja wengi waliamini kuwa ni kunyauka tu, kama tawi lililokatwa mtini. Dhana hiyo ilitikisika mwaka 1989 walipoelezwa panya wa aina ya WldS, ambao aksoni zao zilizokatwa hukaa wiki mbili au zaidi badala ya siku moja au mbili. Kama tawi lililokatwa linaweza kukaa bichi muda wote huo, basi kilichokuwa kikiliua si njaa peke yake.

Leo njia hiyo inajulikana vizuri. Kiwiliwili hutengeneza kimeng'enya NMNAT2 na kukisafirisha kwenye aksoni. Kimeng'enya hiki hakidumu, kwa hiyo lazima kiletwe kingine kila wakati. Kazi yake ni kugeuza molekuli iitwayo NMN kuwa NAD, molekuli ambayo seli haiwezi kutengeneza nishati bila hiyo. Aksoni ikikatwa, shehena inakoma, NMNAT2 inaisha, NMN inarundikana na NAD inapungua. Uwiano huo ukigeuka, protini ya SARM1 huamka. Umuhimu wake katika kifo cha aksoni ulionyeshwa mwaka 2012, na mwaka 2017 ikathibitika kuwa SARM1 yenyewe ni kimeng'enya kinachovunja NAD. Baada ya hapo nishati hushuka, kalsiamu huingia ndani, na vimeng'enya vya kalpaini hukatakata kiunzi cha ndani cha aksoni.

Tumechagua kukata kwa kisu, si sumu wala jeni zenye kasoro, kwa sababu moja: kukata kunatupa saa sifuri isiyo na ubishi. Upungufu wake tunaujua. Hakuna mgonjwa ambaye neva zake zote zimekatwa kwa dakika moja, na ndani ya sahani hakuna seli za kinga za kusafisha mabaki. Lakini huwezi kupima muda uliobaki kama hujui saa ilianza kuhesabu lini.

Vibali vya kutumia wanyama vilipatikana kabla ya lolote. Seli zinatoka kwenye mafundo ya neva za hisia yaliyo kando ya uti wa mgongo wa viinitete vya panya vya siku ya 13.5. Kiinitete kimoja hutoa zaidi ya mafundo 50.

16 Januari: sahani na gundi

Tunatumia sahani za vishimo 24. Tabaka la kwanza la gundi ni poli-D-lisini, miligramu 0.1 kwa mililita, usiku kucha. Tunaosha kwa maji safi yasiyo na vijidudu na kuacha zikauke. Tabaka la pili ni laminini, mikrogramu 3 kwa mililita, saa mbili kwenye nyuzi 37. Hii haitakiwi kukauka hata kidogo. Tunainyonya wakati seli ziko tayari kabisa.

Kundi la kwanza la sahani 4 lilipotea lote. Siku ya 5 aksoni zilikuwa zimejaa na zinapendeza. Siku ya 6, tulipobadilisha midia (maji yenye virutubishi ambamo seli huishi), zulia zima likabanduka na kujikunja kama ngozi ya maziwa. Sababu zilikuwa mbili na ilituchukua siku 9 kuzitenganisha.

Ya kwanza ni laminini kuyeyushwa kwenye maji ya uvuguvugu. Laminini ikipashwa moto haraka hujishikamanisha yenyewe kwa yenyewe na kuwa mabonge. Kwenye kishimo unapata visiwa vyenye gundi na maeneo matupu, na aksoni hukua juu ya visiwa tu. Sasa tunaiyeyusha usiku kucha kwenye jokofu, tunaigawa mikrolita 50 kwa kila kichupa, na kichupa kikishayeyuka hakirudi kwenye friza.

Ya pili ni kuosha poli-D-lisini mara moja tu. Inayobaki bila kunata ni sumu kwa seli. Tunaosha mara tatu, na kila mara tunanyonya maji yote hadi ukingoni.

Gharama: sahani 4, mimba 1, siku 9.

27 Januari: kupanda seli

Kazi ya kutoa mafundo imeelezwa na wengi, hatuirudii. Tunayatenganisha kwa tripsini (kimeng'enya kinachovunja protini) ya asilimia 0.05, dakika 15 hadi 20 kwenye nyuzi 37, kisha tunapitisha kwenye ncha ya pipeti taratibu, mara zisizozidi 20, bila povu. Povu huua seli kuliko tripsini.

Seli hazimwagwi kishimo kizima. Tunazikusanya hadi milioni 10 kwa mililita, na tone moja la mikrolita 1.5, yaani seli kama 15,000, linawekwa katikati ya kishimo. Dakika 15 ndani ya inkubeta zinatosha kushika, ndipo tunaongeza mikrolita 500 za midia kwa upole ukutani mwa kishimo. Viwiliwili vinabaki katikati kama kijiji, aksoni zinatawanyika pande zote kama barabara. Mpangilio huu ndio unaoruhusu kukata baadaye.

Tatizo ni kwamba tone la mikrolita 1.5 hukauka upesi. Mara ya kwanza tuliweka matone 24 mfululizo; tulipofika la mwisho, ya mwanzo yalikuwa yameacha pete nyeupe za chumvi, na seli za hapo hazikupona. Sasa tunaweka matone 6 kwa mkupuo na kurudisha sahani ndani, huku nafasi zilizo kati ya vishimo zikiwa na maji.

Midia ni Neurobasal, midia maalumu ya seli za neva, yenye B27 (virutubishi vya ziada) asilimia 2, NGF (protini inayozihimiza neva kuishi na kukua) nanogramu 50 kwa mililita, na viuabakteria. NGF haikosekani hata siku moja. Seli hizi zikikosa NGF hujiua kwa njia nyingine, isiyopitia mlango uleule, na kipimo chako kitachanganya vifo viwili tofauti bila wewe kujua.

5 Februari: seli zisizoalikwa

Pamoja na neva huja seli za Schwann, zinazozifunika aksoni, na fibroblasti, seli za tishu unganishi. Hizi zinagawanyika, neva hazigawanyiki. Siku ya 7 bila udhibiti, unapiga picha ya msitu ambamo huwezi kutofautisha aksoni na kingo za fibroblasti.

Dawa yake ni fluorodioksiuridini mikromola 1 pamoja na uridini mikromola 1, kuanzia siku ya kwanza. Ya kwanza huzuia kunakili DNA, hivyo seli zinazogawanyika hufa. Ya pili huikinga neva isidhurike upande wa RNA. Kuna kundi moja tulilotia ya kwanza peke yake kwa kupitiwa, na aksoni zikawa fupi na nyembamba. Tulilitupa.

Kila baada ya siku 2 au 3 tunabadilisha nusu ya midia. Tukibadilisha yote, mtikisiko unang'oa aksoni, na tena tunazipokonya vitu ambavyo seli zimejitengenezea zenyewe.

14 Februari: mkato wa kwanza

Siku ya 7 tunakata kuzunguka tone kwa wembe mdogo wa upasuaji, chini ya hadubini, kisha tunavinyonya viwiliwili vyote. Kilichobaki ni aksoni tupu, na saa inaanza.

Tulichokiona, tukitazama kishimo kimoja bila kukihamisha:

Saa 0 hadi 4, hakuna kitu. Nyuzi zimenyooka, kingo zinang'aa, ungeapa ziko hai na zina afya. Karibu na saa ya 6 uzi mmoja hapa, mwingine pale, huota vifundo vidogo kama shanga zilizopangwa mbalimbali. Mwanzo wa ngoma ni lele: baina ya saa ya 8 na ya 12 shanga zinavimba, uzi kati yake unakonda, kisha unakatika, na shanga zinabaki zimejipanga kwenye mstari ule ule wa zamani. Saa ya 24 hakuna uzi mzima.

Kosa la raundi hii lilikuwa la hatari kwa sababu lilifanana na ugunduzi. Vishimo 3 kati ya 12 vilionyesha aksoni nzima kabisa saa ya 24. Hatukuwa tumeweka dawa yoyote. Tulipotia rangi ya kiini cha seli tukakuta sababu: wembe ulikuwa umechoka, uliburuta badala ya kukata, na ukingoni vilibaki viwiliwili vichache ambavyo aksoni zake zilikuwa bado zimeungana navyo. Aksoni "zilizookoka" hazikuwa zimekatwa kamwe. Laiti vishimo hivyo vingekuwa na dawa, tungeshangilia.

Tangu hapo: wembe mpya kila sahani, unashuka wima, haukokotwi, duara la kukata linapita milimita 1 nje ya ukingo wa tone, na kila kishimo kinakaguliwa dakika 10 baada ya kukatwa. Chenye kiwiliwili hata kimoja kinaondolewa kwenye hesabu hapo hapo, kabla matokeo hayajajulikana. Kuondoa baada ya kuona matokeo ni kujidanganya.

24 Februari: kugeuza picha kuwa namba

Jicho linachoka na lina upendeleo. Tunatumia kipimo cha kumeguka: eneo la vipande gawanya kwa eneo lote la aksoni. Picha za ukuzaji wa mara 20 zinaingizwa kwenye programu ya picha ya ImageJ, mandharinyuma yanasawazishwa, picha inageuzwa nyeusi na nyeupe, kisha programu inatafuta chembe za pikseli 20 hadi 10,000 zenye uduara wa 0.2 hadi 1. Hizo ndizo vipande. Aksoni nzima ni ndefu na imeungana, haipiti kwenye chujio hilo. Kwetu aksoni zenye afya hutoa chini ya 0.2, na zilizosambaratika huzidi 0.7.

Sasa yaliyotusumbua.

Pikseli 20 si kipimo cha dunia. Tulipobadilisha kamera namba zote zikapanda, kumbe kila pikseli ya kamera mpya ilichukua eneo dogo zaidi, kwa hiyo madoa yaliyokuwa yakipuuzwa sasa yalihesabiwa kuwa vipande. Badilisha mipaka hiyo kuwa mikromita za mraba za kamera yako, halafu ijaribu kwenye vishimo 6 vizima na 6 vilivyomeguka kabla ya kupima chochote.

Kizingiti cha weusi kinachochaguliwa na programu yenyewe kwa kila picha ni mtego. Picha yenye aksoni chache hupewa kizingiti cha chini, uchafu wa nyuma unaonekana, na kipimo kinapanda. Tunachagua kizingiti kimoja kwa sahani nzima kutokana na vishimo visivyokatwa, na hatukigusi tena.

Ukingoni mwa kishimo uso wa midia hupinda na mwanga huharibika. Tunapiga maeneo 4 kwa kishimo, yote ndani ya theluthi ya kati kutoka ukingo wa mkato. Mfuniko ukiwa na ukungu, uupashe moto kidogo; matone ya ukungu huonekana kama vipande vya duara kabisa.

Na aksoni zilizobanduka hazihesabiki. Zikielea, eneo lote linapungua na uwiano unaruka ovyo. Picha ambayo eneo lake la aksoni limeshuka chini ya nusu ya lile la saa 0 tunaiandika "imebanduka", hatuiandiki "imemeguka".

Majina ya picha yanabadilishwa kuwa namba za nasibu na mtu asiyepima. Tulilinganisha vipimo vya picha 40 zilezile, vya anayejua dawa na vya asiyejua. Tofauti ilikuwepo, na ilielekea upande tulioutumaini. Tangu siku hiyo hakuna anayepima akijua.

11 Machi: NAD, mahali tulipokwama zaidi

Umbo huja mwisho. Aksoni inayoonekana nzima saa ya 4 huenda imeshapoteza kile kinachoiweka hai, kwa hiyo ni lazima kupima NAD. Wiki mbili nzima namba zetu hazikuwa na maana.

Njia: tunaosha aksoni mara mbili kwa chumvi baridi, tunaweka mikrolita 100 za asidi ya pakloriki mola 0.5 juu ya barafu, tunakwangua, tunazungusha kwenye sentrifuji. Maji ya juu yanapozwa ukali kwa mikrolita 8 za kaboneti ya potasiamu mola 3. Kisha vimeng'enya viwili vinavyopokezana hutumia NAD mara nyingi mfululizo, na kila mzunguko huongeza rangi inayong'aa. Kasi ya kung'aa ndiyo kipimo.

Kosa la kwanza: kaboneti hutoa gesi. Vichupa tulivyovifunga mapema vilifunguka vyenyewe na sampuli 7 zikamwagika. Viache wazi dakika chache juu ya barafu, uvitikise taratibu, ndipo ufunge.

La pili: chumvi ya pakloreti ya potasiamu huganda pole pole. Tukizungusha mapema, inaendelea kuganda ndani ya sahani ya kupimia na kutawanya mwanga. Dakika 10 za barafu kabla ya mzunguko wa pili zimemaliza tatizo hilo.

La tatu lilijificha zaidi. Mstari wa vipimo vya kulinganishia tulikuwa tumeutengeneza kwa NAD iliyoyeyushwa kwenye maji, wakati sampuli zilikuwa na mabaki ya chumvi na pengine asidi kidogo. Vimeng'enya vya kuzungusha hupunguza kasi kwenye hali hiyo, kwa hiyo sampuli zote zilionekana kuwa na NAD ndogo kuliko kweli, na kwa kiasi kisicho sawa. Sasa NAD ya kulinganishia inapitia asidi ile ile na kaboneti ile ile. Mikrolita 1 ya kila sampuli inaguswa kwenye karatasi ya kupimia asidi: ikiwa nje ya 7 hadi 8, inarekebishwa.

La nne ndilo lililotugharimu mimba 2. Aksoni zisizokatwa tulizikusanya pamoja na viwiliwili vyake, tukazilinganisha na zilizokatwa ambazo hazina. Ikaonekana NAD imeporomoka dakika ile ile ya kukata! Haikuporomoka, tulikuwa tumepima viwiliwili. Sahihi ni hivi: kishimo cha ulinganisho kinakatwa sekunde chache kabla ya kukusanywa, viwiliwili vinatolewa, aksoni zinaingia kwenye asidi mara moja.

Protini inapimwa kutoka kwenye mashapo yaleyale ili kujua ni aksoni kiasi gani tulizokusanya. Na baada ya saa ya 8 hatukusanyi kabisa kwa kipimo hiki, kwa kuwa kuosha huondoka na vipande, na NAD "inayopotea" inakuwa imeenda na maji machafu.

Baada ya marekebisho hayo, NAD ilianza kushuka baina ya saa ya 2 na ya 4, wakati picha bado zinasema kila kitu ni salama. Hapo ndipo tulipoanza kuuamini mfumo wetu.

25 Machi: FK866, dawa yenye nyuso mbili

FK866 huzuia NAMPT, kimeng'enya kinachotengeneza NMN kutoka nikotinamidi. Midia ya Neurobasal ina nikotinamidi miligramu 4 kwa lita, karibu mikromola 33, kwa hiyo malighafi haikosekani. Ukizuia NAMPT, NMN haiwezi kurundikana hata NMNAT2 ikiisha.

Nanomola 100 ilipowekwa wakati wa kukata, aksoni zilibaki nzima saa ya 24. Tulipoongeza NMN milimola 1 juu yake, zikameguka kama kawaida. Jaribio hili dogo lina nguvu, kwa sababu linaonyesha kwamba kinachoua si ukosefu wa NAD pekee. FK866 nayo inapunguza utengenezaji wa NAD, na bado inaokoa.

Sahani nyingine ilitoa kinyume. Aksoni zilikuwa na shanga hata kabla ya kukatwa. Daftari likaonyesha kwamba FK866 iliwekwa siku 3 mapema, pamoja na mabadiliko ya midia. Kwa muda mrefu hivyo seli nzima inaishiwa NAD, na dawa iliyokuwa kinga inakuwa chanzo cha ugonjwa. Lebo sasa inasema saa, si siku. Tunahitimisha kwamba FK866 ni chombo kizuri cha kuuliza swali, lakini si cha kutafutia tiba.

9 Aprili: hadi saa ya ngapi?

Kizuizi tulichotumia ni 5-iodoisokwinolini, kinachozuia SARM1 na kinachoweza kuoshwa kikaondoka. Mikromola 30, kikiwekwa saa 0, 1, 2, 3, 4, 6 au 8 baada ya kukata. Picha saa ya 24. Kila sahani ina pia aksoni zisizo na SARM1 kabisa, kutoka kwa panya waliotolewa jeni hiyo. Hizo hubaki nzima hata saa ya 72, na zikimeguka tunajua tatizo ni sahani.

Raundi ya kwanza haikufaa. Kizuizi kimeyeyushwa kwenye kiyeyushi kiitwacho DMSO. Mikrolita 0.5 haipimiki kwa uhakika, hivyo mtu aliweka 5 za mchanganyiko mwepesi zaidi, na DMSO ikafika asilimia 1. Vishimo vya DMSO tupu navyo vilionekana kubadilika. Sasa tunatengeneza mchanganyiko mara 10 ndani ya midia yenye joto, na kuweka mikrolita 50 juu ya 450. DMSO haizidi asilimia 0.1, na vishimo vyote hupata kiasi kilekile.

Raundi ya pili ilitufunza habari za kingo. Sahani ya vishimo 24 ina 16 vya pembeni na 8 vya ndani. Vya pembeni hupoteza maji zaidi kwa siku 7, chumvi inakolea, na aksoni zake humeguka mapema. Sisi tulikuwa tumeweka saa 6 na 8 zote pembeni. Sasa nafasi zinapigiwa kura kwa kila sahani, na inkubeta ina beseni la maji linalojazwa kila siku ya pili.

Raundi ya tatu: kuweka hadi saa ya 2 kunaokoa karibu zote, saa ya 3 na ya 4 zinaokoa baadhi, saa ya 6 haiokoi. Ukirudi kwenye grafu ya NAD, mlango unafungwa pale NAD inaposhuka, saa kadhaa kabla jicho halijaona shanga ya kwanza.

22 Aprili: hesabu iliyobidi kufanywa upya

Matokeo ya raundi ya tatu yalitoka kwenye vishimo 18 kwa kila saa, na tuliandika kuwa tuna majaribio 18. Si kweli. Vishimo hivyo vilitoka kwenye mimba 3. Vishimo 6 vya mimba moja vilitoka kwenye mchanganyiko mmoja wa seli, siku moja, kwa mkono mmoja. Vinafanana kwa sababu ambazo hazihusiani na dawa. Idadi halali ni 3.

Tulipofanya wastani kwa kila mimba na kupima tena, saa 0 hadi 2 zilibaki imara, na saa ya 6 pia. Saa ya 4 haikusimama: mimba moja ilionyesha uokoaji mzuri, mbili hazikuonyesha. Tumeongeza mimba 2, na saa ya 4 bado inayumba. Tunaiandika hivyo. Saa ya 3 inabaki kuwa uokoaji wa sehemu.

Gharama hadi hapa: mimba 14, ambazo 6 hazikuzaa namba yoyote inayotumika.

6 Mei: bila kisu

Hatua inayofuata imeanza: vinkristini, dawa ya saratani inayoshika tubulini, protini inayojenga reli ambazo NMNAT2 husafiria, na kuzivuruga reli hizo. Nanomola 40, aksoni zikiwa bado zimeungana na viwiliwili. Hapa hakuna saa sifuri. Uharibifu huja polepole kati ya saa 24 na 72, na kila aksoni kwa wakati wake.

Tayari kuna kosa moja la kurekebisha. Kubadilisha nusu ya midia siku ya pili kulipunguza dawa hadi nusu, na aksoni zikaonekana kujiponya. Midia mpya sasa inakuja na vinkristini ya kiwango kilekile. Inahifadhiwa gizani, na maji yake machafu hayamwagwi kwenye sinki, yanaingia chombo cha sumu za seli.

Picha tunapiga kila saa 12. NAD inakusanywa saa ya 12, 24 na 36 tu, kwa utaratibu wa 11 Machi, isipokuwa kikomo cha saa ya 8, ambacho kilihusu aksoni zilizokatwa. Kizuizi cha SARM1 kitawekwa saa ya 12 na ya 24 kwenye sahani za mimba ya 15, zinazofika siku ya 7 tarehe 13 Mei.